Meza ya mwisho: shajara ya mradi wetu wa karata, Malindi

Novemba, kaskazi inaanza

Mradi unahusu poka ya mtandaoni, ile ya Texas hold'em isiyo na kikomo cha dau (kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na tano za wote hufunuliwa mezani), na ndani yake sehemu moja tu: mwisho wa mashindano. Mwanzo tumeuacha makusudi. Mwanzoni kila mtu ana chipu (sarafu za kuchezea) tele, blaindi (madau ya lazima ambayo watu wawili huweka kwa zamu kila mkono kabla ya karata kugawiwa) ni ndogo, na mchezaji mzembe anaweza kuzembea saa nzima asiadhibiwe. Mwishoni blaindi zimepanda hadi kila duru inamega fungu la mtu, na uamuzi mmoja unaweza kuwa na uzito kuliko saa zote zilizotangulia.

Tuko watatu. Mimi natengeneza simu na kompyuta mjini, kwa hiyo programu ni kazi yangu. Wa pili ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, mwenyeji wa Shela, yaani Shela ya hapa Malindi, si ile ya Lamu. Wa tatu ni mhudumu wa hoteli upande wa Casuarina, aliyejifunzia karata kwa wazee wa Kiitaliano wanaocheza scopa na briscola mchana kutwa. Kiitaliano chake ni kizuri kuliko Kiingereza chake, na haamini hesabu yoyote asiyoweza kuifanya kichwani.

Masharti tumeyaweka mapema. Mwalimu hatoi hata shilingi. Kwake maisiri ni maisiri, iwe mezani au kwenye simu, na amekubali kuingia kwa sababu ya hesabu peke yake. Mazoezi yetu ya nyumbani ni ya kunde. Mimi na mhudumu tunatenga kiingilio kidogo mwanzo wa mwezi, na kikiisha, kimeisha. Kwa sheria ya Kenya mchezo huu ni wa aliyetimiza miaka 18, kwa hiyo mdogo wake mhudumu, aliyekuwa ameshaleta kiti chake, alirudishwa nyumbani nacho.

Swali la kuanzia: kwa nini tunafika mbali kisha tunatoka karibu na malipo? Mhudumu ana jibu moja, bahati, na ushahidi wake ni Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyeingia World Series of Poker ya 2003 kwa kupitia mchujo wa mtandaoni wa dola chache, akatoka na dola milioni 2.5.

"Yule alikuwa na programu gani?" akauliza.

"Walicheza watu 839," mwalimu akamjibu. "Nitajie wa mia nne na ishirini."

Novemba, wiki iliyofuata

Programu ya kuchezea huhifadhi kila mkono kama faili la maandishi: nani alikaa wapi, alikuwa na chipu ngapi, alifanya nini. Nimeandika programu ndogo kwa lugha ya Python inayosoma mafaili hayo na kubakisha mikono ambayo M yetu ilikuwa chini ya 10.

M ni idadi ya duru unazoweza kukaa mezani bila kucheza hata mkono mmoja kabla blaindi hazijakumaliza. Aliyeibuni ni Paul Magriel, na Dan Harrington ndiye aliyeieneza kwa wachezaji wa kawaida. Hesabu yake haimshindi mtu. Blaindi zikiwa 500 na 1,000, na kila mmoja wa watu tisa akitoa ante, yaani dau dogo la lazima la kila mtu, ya 100, duru moja inagharimu 2,400. Mwenye chipu 12,000 ana M ya 5. Kwenye kioo cha simu 12,000 inaonekana mali, hasa kwa mtu aliyeanza na 3,000. Lakini ni duru tano tu, na mtandaoni duru hupita upesi kuliko kikombe cha kahawa kinavyopoa.

Mikono iliyobaki baada ya kuchuja tumeisoma mmoja mmoja, na sura mbili zimejirudia. Mtu akimimina chipu zake zote mbele yetu, tunamfuata, yaani tunaweka kiasi kilekile, tukiwa na karata za kupendeza: ree na bibi, ree na kumi, jozi ya saba. Na inapofika zamu yetu ya kumimina wa kwanza, tunasubiri karata zilezile za kupendeza mpaka M inashuka kufikia 2, na mtu mwenye M ya 2 hamtishi yeyote. Kumfuata kunagharimu vichipu, kila mtu atakufuata.

Mhudumu aliona hapo magonjwa mawili. Mwalimu akasema ni moja: tunaangalia karata zetu kabla ya kuangalia chipu za wenzetu. Nilidhani anasema tu kama wasemavyo walimu. Disemba imenionyesha alichokuwa akimaanisha.

Disemba, wageni wamejaa

Mhudumu anafanya zamu mbili, tunakutana usiku sana. Bora, kwa sababu hesabu ya wiki hii ilitaka subira.

Kanuni tuliyoichukua inajulikana kwa herufi ICM (Independent Chip Model). Inageuza chipu kuwa pesa. Asili yake haimo kwenye karata: mwaka 1973 David Harville alitoa fomula ya kukadiria farasi atakayeshika nafasi ya pili na ya tatu ukijua uwezekano wa kila mmoja kushinda, na miaka ya 1980 Mason Malmuth akaileta kwenye poka. Uwezekano wako wa kushika nafasi ya kwanza ni sehemu yako ya chipu zote. Kwa nafasi ya pili, unamtoa aliyeshika ya kwanza, unagawa upya kwa waliobaki, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa zawadi.

Tukaweka mfano mezani kwa kunde. Mashindano madogo ya meza moja, zawadi jumla shilingi 1,000: wa kwanza 500, wa pili 300, wa tatu 200, wa nne hana kitu. Wamebaki wanne, yaani tuko mlangoni mwa malipo, mmoja akitoka wengine wote wanalipwa. Chipu zote ni 10,000. A ana 5,000, B ana 2,500, C ana 2,000, na D kabakiza 500.

Mhudumu alitoa jibu lake bila kalamu: A ana nusu ya chipu, basi ana shilingi 500. Sivyo. Wa kwanza hapewi zaidi ya 500 hata akizikusanya chipu zote, sasa nusu yake itakuwaje na thamani hiyohiyo? Mwalimu alipiga hesabu kwa mkono, mimi kwa programu, tukakutana: A ana shilingi 376, B 287, C 258, D 79. Angalia wa mwisho. Chipu zake ni asilimia 5 ya zilizopo mezani, lakini thamani yake inakaribia asilimia 8. A ana asilimia 50 ya chipu na thamani yake haifiki 38. Chipu ya mwisho ya maskini ina thamani kuliko chipu ya elfu tano ya tajiri.

Sasa uamuzi wenyewe. Blaindi ni 100 na 200. A yuko kwenye blaindi ndogo, B kwenye kubwa. C na D wametupa. A anamimina zote, na fungu lake linamfunika B. B akitupa, anapoteza zile 200 alizoweka kama blaindi na tunabaki na picha ile ya juu: ana 2,500, thamani shilingi 287. Akifuata na kushinda, anakuwa na 5,400, na thamani yake inapanda hadi 388. Akifuata na kushindwa, ni wa nne, mikono mitupu.

Kwa hesabu ya chipu peke yake, B anatoa 2,500 ili apate 5,400, kwa hiyo akishinda mara 46 kati ya 100 inatosha. Kwa hesabu ya pesa anahatarisha 287 ili apate 388, na anatakiwa ashinde mara 74 kati ya 100.

Tulikaa na hizo namba mbili kwa muda. 46 na 74. Hapo katikati ndipo zilipozama karata zetu za kupendeza zote.

Mhudumu akasema A ni mkorofi, anamimina karata zozote apewazo. Sawa, tumkubalie: A anamimina chochote, hata mbili na saba. Karata gani inashinda karata zozote mara 74 kati ya 100? Ree na basha za aina moja zinafika 67. Jozi ya tisa inafika 72. Jozi ya kumi ndiyo ya kwanza kuvuka, 75. Kwa hiyo B, mbele ya mtu anayemimina akiwa amefumba macho, anafuata na jozi ya kumi, ya ghulamu, ya bibi, ya basha au ya ree, basi. Kati ya mikono 1,326 inayowezekana, hiyo ni 30, takriban mara moja kwa kila mikono 44. Ree na basha anatupa.

"Mimi ree na basha siwatupi," mhudumu akasema, akainuka kwenda kulala.

Disemba, siku chache baadaye

Alirudi na swali zuri, na nimegundua maswali yake mazuri huja baada ya kukasirika: kama D angekuwa ameshatoka?

Tukaondoa kunde za D, tukampa B zile 500. Sasa ni watatu, na wote wana uhakika wa 200. A anamimina tena. B akitupa anabaki na 3,000, thamani 327.5. Akifuata na kushinda anakuwa na 6,400, thamani 420. Akishindwa ana 200 zake. Anachohatarisha ni 127.5 tu ili afikie 220 juu ya zile 200, na anachohitaji kimeshuka kutoka 74 hadi 58.

Kwa 58, ree na basha wanafuata bila kufikiri. Jozi ya tano inafuata. Basha na ghulamu wanafuata. Karata ni zilezile, adui ni yuleyule, chipu za B karibu zilezile. Kilichobadilika ni mtu wa nne mwenye chipu 500 ambaye hata hakuwemo kwenye mkono huo.

Mhudumu aliinama juu ya meza akahesabu kunde mwenyewe, zote. Kisha akasema, kwa Kiitaliano, jambo ambalo mwalimu aliomba lisitafsiriwe.

Januari

Zoezi jipya: karata zinafunikwa. Kabla ya kufunua, mchezaji anataja kwa sauti chipu za kila aliyeketi, nani mdogo kabisa, na ni nafasi ngapi zimebaki kabla ya malipo. Asiyetaja anapoteza mkono. Zoezi linachosha, na mwanzoni tulikuwa tunakaririshana kama watoto wa chuoni. Lakini limefanya ninachotaka. Nikicheza kwenye simu sasa jicho linakwenda kwa mdogo wa meza kabla halijashuka kwenye karata zangu.

Tuko barazani kwa kina mwalimu. Ami yake alipita akitoka msikitini, akasimama.

"Nyinyi mwacheza kamari hapa?"

"La, ami, twacheza kunde."

"Na zikisha?"

"Zapikwa."

Akaketi. Ni mchezaji wa bao wa siku nyingi, na mtu wa bao hawezi kuona watu wanahesabu vitu mezani akapita. Tulimweleza mfano wa wanne. Akasikiliza, akasema kumbe tuko kwenye mtaji: kete za mkononi zimekwisha, hakuna kunamua tena, unacheza na zilizoko ubaoni. Kisha akauliza jambo ambalo sisi watatu, pamoja na programu yangu, hatukuwa tumeliuliza. "Huyu mwenye nyingi, kwa nini asimmalize huyu mdogo, mambo yakaisha?"

Mwalimu alichukua karatasi. A akimtoa D na kuchukua chipu zake 500, wanabaki watatu wenye 5,500, 2,500 na 2,000. Zile shilingi 79 zilizokuwa thamani ya D zinakwenda wapi? A, aliyefanya kazi, anapata kama 21. B anapata 25. C, mwenye chipu chache kuliko wote waliobaki, ambaye hakugusa chochote, anapata 33.

Kwa hiyo A hana haraka. D akiwa hai, B na C wanaogopa, na A anaokota blaindi zao mkono baada ya mkono kwa karata za ovyo. D akitoka, hofu inatoka naye. Mwenye chipu nyingi hahitaji kumwachia D ushindi kwa makusudi, lakini pia hana sababu ya kuhatarisha kikubwa ili kumfukuza. Ami aliposikia alitikisa kichwa, akasema A ana tabia ya watu fulani anaowajua, akaenda zake.

Hili limeingia kwenye programu kama safu mpya: kila mkono wa mlangoni sasa unaonyesha nani anafaidi mtu mmoja akitoka.

Januari, Jumapili

Stima ilikatika tukiwa wachache. Ruta ikazimika, simu ikahamia kwenye bando, bando likawa polepole, saa ya uamuzi ikaisha, karata zikatupwa zenyewe. Tumenunua betri ya akiba ya ruta. Mashindano makubwa ya Jumapili hupangwa kwa saa za Ulaya, kwa hiyo yanaanza kwetu usiku na meza ya mwisho inaweza kuangukia saa kumi alfajiri. Nimeandika kanuni ya nyumba: asiyelala mchana wa Jumapili asijiandikishe usiku wake.

Februari

Upande wa pili wa ugonjwa, kumimina. Huu mhudumu anaupenda, na ni rahisi kumwelewesha kwa sababu unaingia kichwani.

Uko blaindi ndogo na fungu lako ni blaindi kubwa 10. Wengine wametupa, amebaki wa blaindi kubwa. Nusu umeshaiweka, mkononi una 9.5, mezani pana 1.5. Ukimimina na yeye akitupa, unaokota 1.5. Akifuata, mezani panakuwa na 20. Tuseme karata zako ni za kawaida, zinashinda mara 35 kati ya 100 akifuata. Wastani unarudisha 7, umetoa 9.5, hasara ni 2.5. Kumimina kunalipa mradi yeye anatupa zaidi ya mara 62 na nusu kati ya 100. Mtu anayefuata kwa theluthi tu ya karata zake anatupa mara 67. Umeshinda kabla hujaangalia una nini.

Tisa na nane za shupaza zinafika hizo 35 bila shida hata dhidi ya mtu anayechagua karata za kufuatia. Sisi tulikuwa tunazitupa tukisubiri ree.

Mwenye kumimina ana njia mbili za kushinda: mwenzake atupe, au karata zake zishinde. Mwenye kufuata ana moja. Hii ndiyo sababu mkono mmoja unaweza kuwa wa kumimina na usiwe wa kufuata, hata mtu akiwa na chipu zilezile. Mlangoni mwa malipo tofauti hiyo inapanuka, kwa sababu kila anayefuata anabeba ile 74 ya Disemba mgongoni, na anayemimina mbele yake anajua.

Mwalimu ameongeza kitu. Karata za kumimina na za kufuata zikipangwa hadi pasiwe na mmoja anayeweza kufaidi kwa kubadili peke yake, huo ndio usawazisho wa John Nash. Tasnifu ya Nash ya 1950 pale Princeton ilikuwa na mfano wa poka rahisi ya watu watatu, kwa hiyo si sisi tulioingiza karata kwenye hisabati. Kwa watu wawili waliobaki wenye blaindi 10, usawazisho unamwambia wa blaindi ndogo amimine zaidi ya nusu ya karata zote. Nilipomwonyesha mhudumu jedwali alicheka kwa mara ya kwanza tangu Disemba. Hatimaye hesabu imemruhusu kufanya fujo.

Tahadhari moja niliyoiandika kwa wino mwekundu: majedwali ni ya nyumbani. Tovuti kubwa za poka zinakataza kutumia programu ya kukupa jibu wakati mkono unaendelea, na anayekamatwa hufungiwa akaunti. Kwa hiyo programu yangu haifunguki mchezo ukiwa wazi, nimeifunga hivyo mwenyewe. Tunakariri, tunacheza, tunapitia kesho yake.

Ramadhani

Mwalimu amepumzika, na barazani kwao hatuchezi hata kunde. Nimebaki na mhudumu, tunakutana kwangu Barani, na tumechagua mada fupi: mashindano ya mchujo, ambayo zawadi ni tiketi za kuingilia mashindano makubwa. Humo wa kwanza na wa mwisho kati ya waliofaulu wanapata tiketi ileile. Hakuna cha ziada kwa kuongoza.

Chukua tiketi tano, wamebaki sita. Wawili kati yao wana chipu zisizofika blaindi moja kubwa, na blaindi inawafikia duru hii. Wewe uko katikati, umetulia. Mwenye fungu kubwa anamimina, unafunua: ree mbili, mkono bora kuliko yote. Dhidi ya karata zozote zinashinda mara 85 kati ya 100. Ukitupa, uwezekano wako wa kupata tiketi ni mkubwa kuliko huo, kwa sababu mmoja wa wale wawili karibu hakika anatoka. Kwa hiyo ree mbili zinatupwa.

Nilitegemea ugomvi. Mhudumu alitazama kwanza chipu za wale wawili, akatupa ree zote mbili, akaniuliza kama kuna chai iliyobaki kabla ya daku.

Baada ya Idi

Mwalimu amerudi na tumekaa kutazama tulipofika. Mafaili yanaonyesha kufuata kwetu mlangoni kumepungua sana, na kumimina wa kwanza M ikiwa kati ya 5 na 10 kumeongezeka. Hizo ni tabia, na tabia zinapimika kwa mikono michache. Pesa hazipimiki hivyo. Katika mashindano sehemu kubwa ya malipo iko nafasi tatu za juu, kwa hiyo usiku mmoja mzuri unaweza kuficha miezi ya mchezo mbovu, na kinyume chake. Mhudumu alifika meza ya mwisho mara baada ya Idi na alitaka iandikwe hapa kama ushahidi. Imeandikwa. Ushahidi siyo.

Tumepanga pia mipaka ya kanuni yenyewe, maana tumeitegemea sana. ICM haijui ni nani atakayelipa blaindi mkono ujao. Katika mfano wetu D ana blaindi mbili na nusu tu, zikimfikia ataminywa, na kanuni inamhesabu kana kwamba ana muda wote duniani. Thamani yake halisi iko chini ya zile 79, na hilo linamfanya B awe mgumu zaidi wa kufuata. Haijui ustadi wa mtu pia, inadhani wote wako sawa. Na haioni kwamba A mwenye fungu kubwa ataendelea kuokota mikono ijayo.

Niliuliza kama kompyuta kubwa zimeshamaliza suala hili. Programu ya Libratus ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliwashinda wataalamu wanne mwaka 2017 katika mikono 120,000, na mwaka 2019 Pluribus ikawashinda wataalamu kwenye meza ya watu sita. Lakini Libratus ilicheza ana kwa ana, na kila mkono chipu zilirudishwa sawa. Pluribus nayo ilianza kila mkono na fungu lilelile. Hapakuwa na mdogo wa meza, wala mlango wa malipo, wala mtu wa tatu anayefaidi wawili wakiumizana. Kazi yetu yote iko kwenye kile walichokiondoa.

Programu sasa inahesabu hadi watu sita. Kwa tisa inachelewa, kwa sababu mipangilio ya nani atamaliza nafasi gani inafika 362,880, na kompyuta yangu ni ya mtumba. Mwalimu ananionyesha njia ya kuhifadhi majibu ya makundi ili yasipigwe upya kila mara. Makundi ni 512 tu kwa watu tisa, na hapo mzigo unakuwa mwepesi. Mhudumu anataka jedwali lichapishwe mara moja, lenye maelezo ya Kiitaliano, amuuzie mzee wake wa scopa. Mwalimu anasema kwanza mifano ya watu wanne na watano ipitiwe yote kwa mkono, na kama programu ikikosea hata mmoja hakiuzwi kitu. Tutaipitia Jumamosi baada ya alasiri, na kunde ni zamu yangu kununua.